Fundi Pindo Anashona Kizazi cha Ng'ombe

Mtaa mzima ulimwita Pindo, na jina lilimkaa kama nguo iliyopimwa. Mafundi wengine wakikosea pindo la sketi humwambia mteja, "Ukiifua itajinyoosha yenyewe." Pindo hakuwa wa namna hiyo. Aliwahi kumfuata mama mmoja barabarani, akapiga magoti nyuma yake, akaanza kumfumua pindo huku mwenyewe amesimama anagombana na muuza nyanya. Mama wa watu aligeuka akakuta sketi yake inaning'inia nyuzi. "Samahani," akasema Pindo na pini mdomoni, "lilikuwa limepanda kushoto. Nisingelala."

Chumba chake cha kazi kilikuwa chumba cha mbele cha nyumba. Kulikuwa na cherehani ya miguu karibu na mlango ili apate mwanga, meza ya pasi yenye blanketi lililoungua katikati, kioo kirefu chenye ufa uliowafanya wateja wote waonekane wamepinda bega, na pazia ambalo watu walivua nguo nyuma yake huku wakiomba upepo usivume. Uani, mumewe alitengeneza baiskeli. Mwanamume huyo alikuwa na mikono ya dhahabu kwa chochote chenye spoki, lakini kwa sindano alikuwa balaa. Aliwahi kushona kifungo cha shati lake mwenyewe, kikashikana na shati la ndani, na jioni ilibidi avuliwe vyote kwa pamoja kama mtoto.

Mtu wa tatu nyumbani alikuwa Kitindamimba, mdogo wa mwisho wa Pindo. Mama yao alipofariki, binti huyu alikuwa bado anatambaa. Pindo ndiye aliyemkuza chini ya meza ya pasi, kati ya vipande vya kitambaa. Sasa alikuwa msichana mzima, mrefu kuliko dada yake, mwanafunzi wa chuo cha mifugo, na mdomo wake ulikuwa unatangulia akili kwa hatua moja hivi.

Shida ilianzia hapo chuoni. Alitaka kuwa mpandishaji, yule mtu anayeitwa ng'ombe akiwa na joto la kutaka dume, aje na mbegu ya dume kwenye kijiti kirefu cha chuma, aiweke pale inapotakiwa, ndama azaliwe bila dume kusafiri. Mtihani wa kuandika aliupita kwa kishindo. Majina ya viungo vyote vya uzazi vya ng'ombe jike aliyajua kwa mpangilio, toka nje kwenda ndani na toka ndani kurudi nje. Lakini mtihani wa mikono ulimshinda. Kwenye karatasi alikuwa bingwa. Nyuma ya ng'ombe alikuwa mtu aliyedondosha funguo gizani. Alikuwa ameshafeli mara mbili, na akifeli ya tatu chuo humwonyesha mwanafunzi lango, tena linalotazama nje.

"Fanya mazoezi basi," Pindo akamwambia mchana mmoja, mguu ukiendelea kukanyaga cherehani.

"Kwa ng'ombe yupi, dada? Wa chuo ni wachache na wamezeeka. Wakimwona mtu amevaa glavu ndefu wanajilaza chini kama wamekufa. Mwalimu amekataza wasiguswe hovyo. Tunapata zamu moja moja."

Cherehani ikasimama. Cherehani ya Pindo ikisimama katikati ya mshono, jua kuna jambo.

"Hicho kitu kina umbo gani?"

"Kitu gani?"

"Hicho unachokitafuta humo ndani. Nieleze kama unaeleza mtu mwenye akili."

Kitindamimba akachukua chaki ya kukatia nguo, akachora mezani. "Huu ni mwili wa kizazi. Ni mfupi. Halafu unagawanyika pembe mbili."

"Suruali," Pindo akasema.

"Si suruali, dada."

"Kiuno kifupi, miguu miwili. Mimi nimeshona suruali kabla hujaota meno. Endelea."

"Pembe zenyewe zinajikunja kwa chini, kama za kondoo dume."

"Suruali ya mtu aliyechuchumaa."

"Mwisho wa kila pembe kuna mrija mwembamba unaopindapinda, na penye ncha ya mrija kuna kifuko cha mayai. Kidogo, kama lozi."

"Mguu, kamba ya kufungia, kifungo. Na upande wa kiunoni?"

"Kuna shingo. Shingo ya kizazi. Ndiyo mlango wenyewe, ni ngumu, ukiishika ni kama shingo ya kuku. Halafu kutoka hapo kuja nje ni uke, njia pana, laini. Mkono wa kushoto unapita juu, kwenye utumbo wa mavi, unaishika shingo kupitia ukuta wa utumbo. Mkono wa kulia unapitisha kijiti kwa chini. Kipite katikati ya shingo, kiishie mwilini. Kisizame kwenye pembe."

Pindo alikuwa ameshavua utepe wa kupimia shingoni. "Wanyama wote ndivyo walivyo?"

"Hapana. Nguruwe pembe zake ni ndefu mno, zimejikunja kama utumbo, maana watoto ni wengi, lazima wapangwe foleni. Mbwa mwili mfupi, pembe ndefu zimenyooka."

"Suruali ya kijana anayerefuka."

"Farasi mwili mkubwa, pembe fupi."

"Kaptula. Na kuku?"

"Kuku ana upande mmoja tu unaofanya kazi, wa kushoto."

"Huyo ni soksi iliyopotelewa na mwenzake. Simshonei. Nipe vipimo vya ng'ombe."

Basi ndivyo fundi wa magauni ya harusi alivyoanza kushona kizazi. Kitambaa kilichokuwepo ni satini ya waridi iliyobaki kwenye magauni ya wasindikizaji wa bi harusi fulani. Pembe akazijaza pamba na kuzikunja kwa uzi wa ndani. Vifuko vya mayai akavifanya kwa vifungo vikubwa vya koti alivyovivika kitambaa. Kwa shingo alitumia kile kitambaa kigumu cha kutia kwenye kola, akaishona mfereji mmoja ulionyooka, mishono yote imefichwa, ndani laini kabisa, akaipiga pasi juu ya mpini wa ufagio. Mumewe akaleta mpira wa ndani wa gurudumu la lori uwe utumbo. Vyote vikafungwa ndani ya pipa la plastiki lililotobolewa matundu mawili, moja juu, moja chini yake.

"Mkia je?" akauliza mumewe.

"Mkia wa nini? Anatahiniwa kwa mkia?"

"Ng'ombe bila mkia atamzoesha vibaya. Siku ya siku atapigwa nao machoni." Akaenda kufunga kamba ya katani juu ya pipa, na kila Kitindamimba alipoinama, shemeji yake alimchapa nayo usoni. "Mazoezi hayo, shemeji! Nakusaidia!"

Kabla kizazi hakijaingizwa kwenye pipa, shangazi wa yule bi harusi aliingia kuulizia gauni. Alikuwa mama mnene, mchangamfu, mwenye mikono isiyotulia. Akakiona mezani, cha waridi, kinang'aa, akakinyakua na kuingiza mkono hadi kiwiko.

"Haya ndiyo mambo! Huu ndio mkono wa gauni? Mbona unagawanyika mbele?"

"Hicho ni kizazi cha ng'ombe, mama."

Shangazi akabaki mkono umeinuka. Akautazama. Akautoa polepole, kidole baada ya kidole, akakirudisha mezani na kukinyoosha kwa adabu.

"Na kitambaa ndicho kile kile cha wasindikizaji?"

"Kilibaki."

"Basi hilo tulizike hapa hapa, fundi. Mimi sijaona, wewe hujasema."

Kitindamimba alipojaribu kwa mara ya kwanza, kijiti kilipita. Akajaribu tena, kikapita. Akafumba macho, kikapita. Akafanya huku anaimba, huku anagombana na shemeji yake, kikapita kama kisu kwenye parachichi. Siku chache tu akawa anatembea chumbani kifua mbele. "Dada, chuo kilikuwa kinanionea. Mimi nina kipaji!" Pindo akatabasamu kwa siri akiwa na pini mdomoni. Kazi yake haikuwahi kumwangusha mtu.

Zamu ya mazoezi ilipofika, Kitindamimba aliondoka akipiga mluzi. Alirudi mchana hapigi kitu. Alisimama mlangoni na overoli yenye mavi, macho mekundu.

"Umenishonea mkono wa shati!"

"Nini?"

"Shingo yako ni mkono wa shati! Kijiti kinaingia kinateleza kama kinaenda harusini. Ng'ombe wa kweli kiligonga. Nikasukuma, kikagonga. Nikasukuma pembeni, kikaingia kwenye mfuko usio na mlango. Mwalimu akaniuliza, 'Unatafuta kizazi au unachimba kisima?' Darasa zima likacheka. Na mtihani ni wiki ijayo!"

"Mimi nimeshona ulichochora."

"Nilichora kwa nje, dada! Ndani sikuchora!"

"Sasa kosa la nani?"

"La wote wawili," mumewe akasema kutoka uani. "Mmoja hakusema na mwingine hakuuliza. Njooni mle."

Pindo hakula. Alikaa akizungusha ile shingo ya satini vidoleni, anaitazama kama mtu anayemtazama mtoto wake aliyeletwa nyumbani na jirani kwa tuhuma. Asubuhi aliingia kwenye machinjio ya mtaa wa pili, akapita foleni ya wanaotaka maini.

"Nataka kizazi cha ng'ombe. Kizima, usikikate."

Mchinjaji akasimamisha kisu. "Miaka yote niko hapa, hakuna aliyeniomba hicho. Unakipikaje?"

"Kwa uzi na sindano."

"Haya, dada. Kila mtu na mapishi yake." Akamfungia kwenye mfuko, na kwa heshima akatoka nje ya kaunta kumsindikiza, maana alidhani ni dawa.

Nyumbani, Pindo alitandika plastiki juu ya meza ya pasi na kuchukua mkasi. Si ule wa vitambaa, ule haugusi hata karatasi. Alichukua wa jikoni. Kitindamimba akamwonyesha pa kuanzia, naye akakata toka ukeni, laini, laini, mpaka akafika kwenye shingo. Mkasi ukakwama. Akakata kwa nguvu, akaifungua kama kitabu, akainama.

Ndani hapakuwa na mfereji. Palikuwa na pete za nyama ngumu, moja nyuma ya nyingine, kila moja imekunjwa na kutokeza mbele. Tundu la pete moja halikutazamana na tundu la inayofuata. Na pale shingo ilipotokeza ndani ya uke, kuizunguka kote, palikuwa na kijimfuko kisichokwenda popote.

"Nani ameshona hivi?" Pindo akauliza, amekasirika kweli. "Tazama mikunjo! Tazama matundu, hakuna hata moja lililokaa sawa na mwenzake! Mwanagenzi angeniletea mkono wa namna hii ningemfukuza."

"Ndivyo inavyotakiwa, dada. Uchafu usipande, na ndama asishuke kabla ya siku zake. Hufunguka wakati wa joto, kidogo tu, na wakati wa kuzaa."

Pindo akapitisha kidole kwenye pete ya kwanza, kikakwama kwenye ya pili. Akajaribu tena.

"Kumbe si mkono," akasema mwishowe. "Ni kufuli."

Akafumua shingo ya satini mshono kwa mshono, akakata pete za kitambaa cha turubai, akakaa kuzishona zipinde. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mikono iliyokuwa imenyoosha kila kitu tangu ujana ilikataa. Pete ya kwanza ilitoka mviringo kamili, katikati kabisa. Akaifumua, akajitahidi kukosea, ya pili ikatoka nzuri kuliko ya kwanza. Akashona amefumba jicho moja. Akashona kwa mkono wa kushoto. Zikaja zimejipanga kama askari wa gwaride, tundu likitazama tundu, na kijiti kikapita bila hata kuomba njia.

"Siwezi," akasema, na sauti yake ikawa ya kweli. "Mtoto atafukuzwa chuo kwa sababu mimi siwezi kushona vibaya."

Yeye na mdogo wake, bila kuambiana, wakageuza shingo pamoja kutazama uani, ambako mwanamume mmoja alikuwa anaimba huku anapaka mnyororo mafuta.

"Mume wangu," Pindo akaita. "Nawa mikono uje."

Kwa mara ya kwanza katika ndoa yao alimpa sindano. Mumewe akaipokea kama mtu aliyekabidhiwa bunduki. "Nishone vipi?"

"Unavyojua wewe."

"Sijui."

"Vivyo hivyo."

Akashona. Ulimi ulitoka nje, jasho likamdondoka, akajichoma, akalaani, akaunganisha pete moja na mkono wa shati lake, akaikata. Pindo alisimama nyuma yake akavumilia mishono michache tu, halafu akatoka barabarani na kusimama kwenye jua, mikono imefungwa kifuani, akipumua kama mwenye kichefuchefu. Aliporudi, shingo ilikuwa tayari. Ilikuwa kitu cha kutisha. Pete zililala huku na huku kama walevi kwenye benchi. Kitindamimba akaibonyeza kwa vidole, macho yakamtoka.

"Ndiyo yenyewe! Dada, ni ng'ombe mtupu!"

"Nilijua ipo siku mtanihitaji," akasema mumewe, akitafuta kioo.

Lakini kuwa na ng'ombe wa kweli si kumweza. Kitindamimba akainama kwenye pipa, akasukuma, kijiti kikagonga. Akasukuma kwa nguvu, kikazama kwenye kile kijimfuko. Siku ya kwanza hivyo, ya pili hivyo. Ya tatu akakaa chini, akaegemeza kichwa kwenye pipa.

"Unasukuma nini?" Pindo akamuuliza. Alikuwa anashona bitana ya koti la mteja, hakuinua hata macho.

"Kijiti! Nisukume nini tena?"

"Lastiki huwa unaisukuma?"

Msichana akainua kichwa. Katika chumba kile, tangu vidole vyake viweze kufunga pini, ndiye aliyekuwa akiingiza lastiki kwenye viuno vyote vya sketi na kaptula. Alifanya hivyo akitazama barabarani, akila, akisimulia umbea. Pini inashikwa tu, imetulia. Kitambaa ndicho kinachokusanywa na kuvutwa kije juu yake, mkunjo kwa mkunjo, vidole vikihisi ncha iko wapi kupitia nguo.

Akasimama taratibu. Mkono wa kushoto ukaingia kwenye mpira wa lori. Safari hii kijiti akakituliza. Akaivuta shingo kukifuata, akaipinda kidogo, akaibinya, akahisi ncha, akaipinda upande mwingine. *Tk.* Pete ya kwanza. Akaivuta tena.

"Ala!" akapiga kelele. "Ndicho anachosema mwalimu kila siku! 'Kiletee kijiti shingo, usiipelekee shingo kijiti.' Mimi nilidhani ni methali!"

Asubuhi ya mtihani Pindo alifunga chumba cha kazi, akavaa gauni lake la rangi ya maziwa, alilolishona mwenyewe na kulivaa mara chache sana kwa kuogopa madoa ya dunia. Mkufunzi, yule yule mwalimu wa kisima, mwanamume mpole mwenye buti za mpira, alimruhusu asimame nje ya uzio wa zizi. Mtahini alikuwa mama mrefu kutoka chuo kingine, miwani imening'inia kifuani, asiyecheka na mtu. Ng'ombe alikuwa mwekundu, mkubwa, amesimama kwenye kibanio cha mbao anacheua kana kwamba hayamhusu.

Kitindamimba akavaa glavu, akailainisha, akaingiza mkono. Akatoa mavi kwanza, akamsafisha ng'ombe kwa nje, akaingiza kijiti. Mkia ukamchapa usoni. Hakupepesa.

"Eleza unachofanya," mtahini akasema.

"Nimeishika shingo. Ncha iko kwenye mdomo wake." Akaivuta. "Pete ya kwanza."

Nje ya uzio, vidole vya Pindo vilianza kukusanya hewa.

"Ya pili." Ng'ombe akakaza utumbo, akasogea. Msichana akaegemea ubavu wake, mkono umebanwa, uso umekunjamana. Hakusukuma. Akasubiri. Jasho likamchuruzika. Pindo kule nje akavuta kwa mikono miwili, akapinda kiuno, akauma midomo.

"Mama wa uzioni," mtahini akasema bila kugeuka, "leo unatahiniwa wewe?"

"Hapana, samahani."

"Basi weka mikono chini. Unamchanganya ng'ombe."

Pindo akaificha mikono nyuma ya gauni, ambako iliendelea na kazi. Ng'ombe akalegea. Bega la Kitindamimba likazunguka kidogo, kidogo tena. Kisha uso wake ukanyooka.

"Nimepita. Niko kwenye mwili wa kizazi. Nimesimama hapo, sijaingia kwenye pembe."

Mtahini akavaa glavu yake, akaingiza mkono, akapapasa huku anatazama mawingu. Mkufunzi akaacha kupumua. Pindo hakukumbuka kama alikuwa anapumua tangu mwanzo.

"Toa kijiti," mtahini akasema. "Nenda kanawe. Sitaki kukuona tena kwenye mtihani wangu."

Msichana akamgeukia. "Nimefeli?"

"Umefaulu, ndiyo maana sitaki kukuona. Mwingine!"

Kelele aliyoipiga ilimfanya ng'ombe aache kucheua. Alitoka zizini mbio, hakwenda kunawa, hakuvua glavu, akaruka uzio na kumwangukia dada yake kwa mikono yote miwili, na ule wa kushoto ulikuwa umepakaa mavi hadi begani. Ukampita Pindo mgongoni toka bega hadi kiuno, juu ya gauni la rangi ya maziwa.

Mkufunzi aliyeona alifumba macho. Pindo alilihisi gauni likilowa, akajua kabisa ni doa ambalo hakuna sabuni italitoa, akambana mdogo wake zaidi.

"Mkono huo," akamnong'oneza, "umetoka wapi?"

"Unajua umetoka wapi, dada."

"Najua. Najua, mama. Usiutoe kwanza."